Sukuma, Usibebe: Maswali Yenu Kuhusu Beleshi la Theluji

Tangu Oktoba barua nyingi zinazoingia kwenye safu hii zinauliza habari ya beleshi. Wengine ndio kwanza wanaingia katika baridi yao ya kwanza. Wengine wana miaka huku, lakini walikuwa wamepanga kwenye majengo ambako mtu mwingine ndiye anayezoa theluji; sasa wamenunua nyumba na kazi imewaangukia wao. Kwa wasionijua, mimi ni mzaliwa wa Muheza na ni mtunza majengo hapa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, upande wa West Side. Sheria ya jiji letu inataka njia ya miguu mbele ya kila jengo iwe wazi kabla ya saa tatu asubuhi, kwa hiyo theluji ikianguka usiku, saa kumi na moja alfajiri mimi niko nje na beleshi mkononi. Barua nimezifupisha kidogo ili zote zipate nafasi.

Mama, nakusalimu sana. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, na mwezi wa Agosti tulinunua nyumba yetu ya kwanza hapa Buffalo. Mbele kuna baraza na ngazi tano za mbao, halafu njia ya zege mpaka barabarani, na pembeni njia ya gari ya lami. Dukani nimekuta mabeleshi ya kila namna: membamba, mapana, ya plastiki, ya alumini, yenye mpini ulionyooka na yenye mpini uliopinda. Mume wangu anasema tuchukue kubwa kuliko yote ili tumalize kazi upesi. Wewe unasemaje?
*Mama wa watoto wanne, Buffalo*

Mdogo wangu, hongereni kwa nyumba. Na shemeji mwambie kwa heshima zote: hilo kubwa kuliko yote aliache dukani.

Theluji ukiitazama ikishuka unadhani haina uzito. Hebu tupige hesabu. Chukua njia yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita moja na nusu, ianguke theluji ya sentimita 10 tu. Hizo ni mita moja na nusu za ujazo. Ikiwa ni theluji kavu ya katikati ya Januari, mita moja ya ujazo ina kama kilo 100, kwa hiyo mbele yako kuna kilo 150. Ikiwa ni theluji ya Novemba au Machi, ile iliyojaa maji, mita hiyo hiyo inafika kilo 300, na hapo unahamisha kilo 450. Njia ni ile ile na kina ni kile kile. Beleshi la kuchotea lenye upana wa inchi 18, yaani kama sentimita 46, likijaa theluji ya maji linabeba kilo saba hadi nane, bila kuhesabu uzito wake lenyewe. Hilo la inchi 30 analolitaka shemeji linakaribia kilo 13. Ainue, ageuke, arushe, arudie hivyo mpaka njia iishe, kisha aende kazini. Jioni hatainama kufungua viatu.

Upana ni wa kusukumia, wembamba ni wa kubebea. Ndiyo maana nakushauri ununue mawili. La kwanza liwe la kusukumia, upana wa inchi 24, bamba lake limejikunja kwa ndani ili theluji ijiviringe mbele yako badala ya kumwagika pembeni. Hilo ndilo litakalofanya sehemu kubwa ya kazi kwenye zege na lami. Sukuma mpaka ukingoni, iache hapo, rudi. La pili liwe la kuchotea, inchi 18 au pungufu, kwa ajili ya ngazi, kona, na siku ambazo theluji imezidi kimo cha kusukumika.

Na siku hizo zipo. Sisi tunakaa mwisho wa Ziwa Erie. Upepo wa baridi unapita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi, unabeba unyevu, ukifika nchi kavu unaumwaga kwa mistari myembamba. Mtaa mmoja unafunikwa, mtaa wa pili jua linawaka. Novemba 2022 Orchard Park, kusini tu ya jiji, walipata zaidi ya inchi 80, yaani mita mbili, ndani ya siku chache, huku kaskazini ya jiji watu wakipata sehemu ndogo tu ya hiyo. Theluji ya kimo hicho huisukumi. Unaikata kwa tabaka kutoka juu, kidogo kidogo, na hapo beleshi jembamba ndilo linaloulinda mgongo wako.

Sasa ngazi za mbao. Hapo usipitishe chuma. Makali ya chuma yanachuna rangi, kisha maji yanaingia kwenye mbao, yanaganda, yanapasua. Beleshi la kuchotea chukua la plastiki ngumu. La kusukumia linaweza kuwa la alumini, au la plastiki lenye ukanda wa chuma ukingoni, kwa sababu zege na lami hula plastiki tupu kwa haraka. Lakini kabla ya kununua lenye ukanda wa chuma, kaitazame njia yako sasa hivi wakati iko wazi. Je, vipande vya zege vimeinuana? Mizizi ya miti ya mitaani kwetu inainua zege sana. Ukanda wa chuma ukigonga kipande kilichoinuka, beleshi linasimama ghafla na wewe bado unakwenda, mpini unakuingia tumboni. Kwa njia ya namna hiyo chukua plastiki tupu, na ukubali kununua lingine baada ya misimu michache.

Mpini ni jambo ambalo wanawake tunatakiwa kulisimamia wenyewe, maana mabeleshi mengi dukani ni kama yametengenezwa kwa ajili ya mwanamume mrefu. Simamisha beleshi sakafuni mbele yako. Mwisho wa mpini ufike kifuani. Ukifika kidevuni, mikono itafanya kazi ikiwa juu na mabega yatauma. Ukifika kiunoni, utainama siku nzima. Mimi ni mfupi, natumia mpini uliopinda kwa lile la kuchotea, na tofauti naiona kiunoni. Kwa la kusukumia nataka mpini ulionyooka, kwa sababu nguvu yangu inaenda moja kwa moja kwenye bamba.

Nenda dukani na glavu zako za baridi. Mshikio wa juu, ule wa umbo la herufi D, ingiza mkono ukiwa umevaa glavu. Usipoingia vizuri, rudisha. Kisha geuza beleshi uangalie pale mpini unapoingia kwenye bamba, maana mabeleshi mengi hufia hapo. Tafuta bolti iliyopita upande wa pili ikafungwa kwa nati, au riveti nene mbili. Ukiona skrubu moja ndogo imechomekwa kwenye plastiki, liache, hata likiwa la bei ya chini. Mwisho, inua kwa mkono mmoja ukiwa umeunyoosha. Likikuelemea likiwa tupu, likiwa na theluji itakuwaje?

Na mnunue mapema. Wakishatangaza dhoruba kwenye redio, madukani mnakuta yamebaki yale ambayo watu wameyakataa.

Mama shikamoo. Nipo Winnipeg, mwanafunzi. Beleshi langu la plastiki limepasuka katikati baridi ilipofika hasi 30 za Selsiasi. Nilikuwa napiga barafu mlangoni. Pia chumvi niliyomwaga haikufanya kitu. Nilinunua vitu vibovu?
*Msomaji wa Winnipeg*

Marahaba, mwanangu. Plastiki kwenye baridi hiyo inakuwa ngumu na inavunjika upesi. Kusukuma theluji inaweza, kupigapiga haiwezi. Barafu ina chombo chake: bamba fupi la chuma lililosimama wima kwenye mpini mrefu, unaliangusha kwa uzito wake huku umelishika wima, vipande vinabanduka. Kipande kikishabanduka ndipo beleshi lije kuzoa. Na ukimaliza, usilikung'ute beleshi la plastiki kwenye ngazi kudondosha theluji. Linapasukia hapo pia. Theluji yenu ya Winnipeg mara nyingi ni kavu na nyepesi, kwa hiyo beleshi la alumini lisilo na mikogo litakufaa miaka mingi.

Chumvi ya kawaida ya mawe huanza kushindwa baridi ikipita hasi 9 hivi. Kwenye hasi 30 ni changarawe tu. Kuna kloridi ya kalsiamu, inayofanya kazi mpaka karibu hasi 29, lakini ni ghali na inakula viatu, na kwako imefika mwisho wa uwezo wake. Nunua mchanga. Hauyeyushi kitu, ila mguu unapata pa kushika.

Habari za huko, mama. Natokea Lubumbashi, sasa niko Portland, Maine. Shida yangu ni kwamba theluji inanata kwenye beleshi. Natupa, haitoki. Nainua tena na donge lile lile. Beleshi ni la alumini, nililinunua msimu uliopita, na makali yake yameanza kujikunja. Linahitaji matunzo gani? Nyumbani beleshi la mchanga tulikuwa tunaliacha tu uani.
*Fundi wa umeme, Portland*

Kijana wangu, naanza kwa kukuuliza: beleshi linalala wapi? Kama linalala ndani karibu na mlango, hapo ndipo shida inapoanzia. Bamba lenye joto la nyumba likigusa theluji linaiyeyusha kidogo, yale maji yanaganda, na theluji inayofuata inang'ang'ania pale. Beleshi lilale nje barazani, au kwenye banda lisilo na joto, ili bamba liwe baridi kama theluji yenyewe.

Baada ya hapo, nta. Chukua mshumaa mweupe wa kawaida. Siku hiyo moja liingize beleshi ndani, lioshe, likauke kabisa, liwe na joto la chumbani, maana nta haishiki kwenye bamba lenye unyevu. Sugua mshumaa kwa nguvu juu chini, kisha kushoto kulia, mpaka uone bamba limefunikwa na ukungu mweupe. Kisha chukua kitambaa kikavu, pangusa kwa mduara huku ukikandamiza, mpaka ukungu upotee na kidole kiteleze. Geuza. Mgongo wa bamba watu wanausahau, na kumbe ndio unaoburuzika juu ya ardhi wakati wa kusukuma. Litoe nje lipoe kabla ya kulitumia. Ukianza kuona theluji inanata tena, rudia. Wako wanaopuliza mafuta ya kupikia ya kopo. Yanasaidia kwa muda mfupi, lakini yakidondoka kwenye ngazi umejitegea mtego mwenyewe, kwa hiyo sikushauri.

Makali yaliyojikunja yanarekebishika. Laza bamba juu ya zege tambarare, sehemu iliyojikunja iangalie juu. Weka kipande cha mbao juu yake, gonga mbao kwa nyundo taratibu, ukitoka upande mmoja kwenda wa pili. Usigonge alumini yenyewe kwa nyundo. Utaacha mashimo na theluji itanasa humo. Ikishanyooka, pitisha tupa kwa mwelekeo mmoja kuondoa miba midogo. Hutaki makali ya kisu, unataka mstari ulionyooka usiokwaruza. Kama bamba limeliwa mpaka limefika karibu na riveti, hapo hakuna cha kuokoa, nunua lingine na mpini wa zamani uuhifadhi.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni kukaza. Beleshi jipya baada ya dhoruba mbili za kwanza linakuwa limelegea, kwa sababu kila likigonga zege, bolti inatikisika. Chukua bisibisi na spana, kaza. Tundu likishatanuka na skrubu inazunguka bila kushika, itoe, pitisha bolti ndefu kidogo yenye nati na washa, kile kipete bapa cha chuma, upande wa nyuma. Ni kazi ya dakika chache, na imeniokolea mabeleshi mengi ambayo wapangaji walikuwa wameshayapeleka kwenye pipa la taka.

Ninyi mlio karibu na bahari mnatumia chumvi nyingi njiani kama sisi. Chumvi inakula chuma, na alumini inaiachia vidoa vyeupe vyenye vishimo. Kila mwisho wa juma suuza beleshi kwa maji ya uvuguvugu, lipanguse, kisha lirudi nje. Lenye ukanda wa chuma lipakwe tone la mafuta ya mashine kwenye ukanda. Kutu ikishaanza, msasa kwanza, mafuta baadaye.

Kwa wenye mpini wa mbao: mwisho wa msimu upitishe msasa laini mpaka vibanzi viishe, kisha upake mafuta ya kitani, uyaache yanywe, upanguse yanayobaki. Na hapa nisikilizeni vizuri. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kinapokauka kinajipasha joto chenyewe. Ukikikunja ukakitupa kwenye ndoo au pipani, kinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Kitandaze nje, bapa, juu ya zege au waya, mpaka kikauke kabisa na kiwe kigumu, ndipo ukitupe. Msikifiche kwenye ghala la chini ya nyumba ambako watoto wamelala juu yake.

Beleshi likikaa juani kiangazi chote, plastiki inachoka. Litundike ukutani kivulini, bamba lisisimamie ukingo wake.

Mama, mimi ni muuguzi kutoka Kisumu, naishi Minneapolis. Nakaa kwenye ghorofa, sina njia ya kuzoa, lakini gari naliegesha barabarani na asubuhi nalikuta limezikwa. Nahitaji beleshi gani la kuweka kwenye buti?
*Muuguzi wa zamu ya usiku*

Dada yangu, chukua dogo linalofunguka mpini, bamba la alumini, lisilozidi upana wa kifua chako. Lakini beleshi lisiguse bodi ya gari hata kidogo, hata lile la plastiki; mchanga ulio ndani ya theluji unachora rangi. Juu ya gari tumia brashi yenye kichwa cha sponji, ukivuta theluji kuelekea kwako. Anza na paa, maana ya paa itakuangukia kwenye kioo ulichokwisha kusafisha.

Kabla ya yote hayo, kabla hata hujawasha injini, nenda nyuma ya gari ukazoe theluji kuzunguka bomba la ekzosi mpaka ulione lote. Theluji ikiliziba, moshi unarudi ndani ya gari. Hewa ya sumu iliyomo humo, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Kuna watu wamekufa hivyo, na watoto waliowekwa ndani ya gari wapate joto wakati mzazi anazoa theluji nje. Wewe ni muuguzi, unajua inavyoua. Waambie na wenzako wa zamu.

Na jiji likitangaza dharura ya theluji, ujumbe huo usiupuuze kwa sababu ya uchovu wa zamu. Gari lililobaki upande usioruhusiwa wanalivuta, na gharama ya kulikomboa inanunua mabeleshi ya ukoo mzima.

Je, mama, ninunue mashine ya kurusha theluji badala ya beleshi?
*Msomaji wa Syracuse*

Kama njia yako ya gari ni ndefu na una mahali pa kuiweka, nunua. Kwa ngazi na kwa uwanja mdogo bado utahitaji beleshi. Mashine ikikwama na theluji, zima injini, subiri visu visimame, kisha tumia fimbo kuzibua. Mkono usiingie humo kamwe, hata kama imezimwa. Visu vinaweza kuwa bado vimebanwa na nguvu, ukivigusa vinageuka.

Shikamoo mama. Baba yangu ana umri wa miaka 64, ametoka Kigoma miaka mitatu iliyopita, tunaishi naye Rochester. Ana presha. Theluji ikianguka anaamka kabla yetu sote na kwenda kuzoa. Nikimkataza anasema yeye amelima maisha yake yote, theluji si kitu. Nifanye nini bila kumvunjia heshima?
*Binti wa Kigoma*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu nzima juu ya jambo hili.

Baba anasema kweli kwamba amelima. Lakini jembe linafanya kazi na uzito wake lenyewe likishuka, na miguu na mwili mzima vinahama. Beleshi la theluji unasimama mahali pamoja, unainua kwa mikono, unabana pumzi, na hewa ya baridi inabana mishipa ya damu. Presha inapanda kwa ghafla wakati moyo unadai damu nyingi zaidi. Na anafanya hivyo alfajiri, ametoka kitandani, mwili haujapata joto.

Watafiti wa Marekani walipitia kumbukumbu za vyumba vya dharura za mwaka 1990 hadi 2006. Walikuta wastani wa watu 11,500 kwa mwaka wakitibiwa kwa kuumia wakati wa kuzoa theluji, theluthi moja na zaidi wakiwa wameumia kiuno. Waliokufa kwa miaka hiyo yote walikuwa 1,647, na vifo vyote hivyo vilihusu moyo. Kule Quebec walichunguza miaka ya 1981 hadi 2014: siku inayofuata theluji ya sentimita 20, uwezekano wa wanaume kulazwa kwa mshtuko wa moyo ulikuwa juu kwa asilimia 16, na wa kufa kwa asilimia 34, ukilinganisha na siku isiyo na theluji. Kwa wanawake hawakuona ongezeko la namna hiyo, na wao wenyewe walidhani ni kwa sababu wanaume ndio wanaotoka kuzoa.

Usimkataze wewe. Katazo la binti kwa baba yake halifiki mbali, na linamuumiza. Mpeleke kwa daktari wake kabla ya Desemba, uende naye ukamtafsirie, na umuulize daktari mbele yake: mzee huyu azoe theluji au asizoe? Neno la daktari atalipokea. Akisema hapana, mpe baba kazi nyingine yenye heshima yake: yeye ndiye wa kumwaga mchanga na chumvi ninyi mkishasafisha, yeye ndiye mwenye kuamua nani anaanza wapi, yeye ndiye wa kukagua kwamba mabomba ya mtambo wa joto, yale meupe yanayotokeza ukutani nje, hayajazibwa na theluji. Kazi hiyo ya mwisho si ndogo. Yakizibwa, nyumba inakosa joto au inajaa hewa ile ile ya sumu niliyomwambia muuguzi.

Daktari akimruhusu, basi kwa masharti. Beleshi la kuchotea lisiwe mikononi mwake, abaki na la kusukumia. Anywe maji, atembee ndani ya nyumba dakika kumi kwanza. Mdomo aufunike kwa skafu. Asukume kwa dakika kumi au kumi na tano, aingie ndani akae. Asitoke mara baada ya kula, na kama anavuta sigara, asivute kabla wala baada ya kazi hiyo. Mtu mwingine awe anamwona. Akibanwa kifua, maumivu yakimwendea mkono au taya, jasho baridi likimtoka, au pumzi ikikatika, aache beleshi pale pale na mpige 911. Msimpe muda wa kusema atapumzika kidogo.

Na wewe uamke kabla yake. Mzee akikuta njia imeshasafishwa, hakuna ubishi.

Mama, mimi kila nikimaliza kusafisha mdomo wa njia ya gari, greda la jiji linapita na kunirudishia ukuta wa theluji ngumu. Nimeshachoka. Kuna dawa?
*Jirani yako wa Cheektowaga*

Ipo, jirani. Simama mwisho wa njia yako ukitazama barabara. Huku magari yanakwenda kulia, kwa hiyo upande wako greda linatokea mkono wako wa kushoto. Theluji yote unayoitoa mdomoni irundike kulia kwako. Halafu nenda kushoto, kwenye ukingo wa barabara kabla ya njia yako, uchimbe nafasi tupu yenye urefu wa mita tatu hivi na upana wa hatua mbili. Greda likija, mzigo wake unamwagikia kwenye nafasi hiyo kwanza, na likifika kwako limebaki na kidogo. Kwa theluji kubwa sana nafasi itajaa na utapata kiasi, lakini si ukuta.

Hicho kiasi usikiache kilale. Theluji ya greda imesindikwa na ina chumvi na maji; ikipigwa na baridi ya usiku mmoja inakuwa jiwe. Itoe siku hiyo hiyo kwa beleshi jembamba, nusu beleshi kila mara, na usiirudishe barabarani, maana ni kosa na itamletea jirani wa chini yako ukuta wako. Kama mbele ya nyumba yenu kuna bomba la zimamoto, lizungushie nafasi ya futi tatu kila upande wakati uko nje na beleshi lako. Hao wa zimamoto wakilikosa chini ya theluji, dakika wanazotumia kulitafuta ni za nyumba inayoungua.